Moyo wa Mashine Unakuvusha, Lakini Ng'ambo Lazima Awepo Mtu

(Wale mlioshindwa kufika Jumamosi pale Temeke kwa sababu ya mvua na foleni, mmeniomba niweke hapa nilichokisema kuhusu moyo bandia. Nimeandika kama nilivyoongea, picha za ukutani nimeziacha.)

Shikamooni wazazi wangu. Vijana, mambo zenu. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Asanteni kwa kuja na hii mvua, najua kuna waliotoka Mbagala na kuna waliotoka mpaka Bunju, na wengine mmekuja na wagonjwa wenyewe, karibuni sana, viti vya mbele ni vyenu.

Mi ni fundi wa vifaa tiba. Sio daktari, kwa hiyo mambo ya dozi muulizeni daktari wenu. Kazi yangu ni mashine za hospitali, pampu za dripu, mashine za oksijeni, zile monita zinazopiga kelele ICU kwa wagonjwa mahututi, hizo ndo nimeishi nazo. Na leo nimeombwa niongelee mashine ambayo hapa kwetu haijawekwa kifuani kwa mtu lakini maswali yake nayapata kila wiki, moyo bandia. Kuna mama yangu mmoja hapa, amenishika mkono pale mlangoni akaniambia, mwanangu, kijana wangu moyo umetanuka, nimesikia wenzetu wanaweka moyo wa chuma, hivi si tuchange tu familia nzima tukamwekee? Mama, nimekusikia. Nitakujibu, ila nivumilie kidogo nianzie mbali.

Moyo ni pampu. Ukikunja ngumi yako ndo ukubwa wake karibu. Unapiga kama mara laki moja kwa siku, unasukuma kama lita 5 kila dakika, piga hesabu ni lita 7,000 na zaidi kwa siku moja, na haujawahi kuomba likizo tangu uko tumboni kwa mama yako. Una pande mbili, upande wa kulia unapeleka damu kwenye mapafu ikachukue oksijeni, upande wa kushoto unaipeleka mwili mzima, kuanzia kwenye ubongo mpaka kwenye kidole gumba cha mguu. Sasa hii pampu ikichoka inakuwaje? Damu inarudi nyuma. Maji yanajaa kwenye mapafu, yanajaa miguuni. Mgonjwa hawezi kulala chali, anaomba mto wa pili, mto wa tatu, mwisho analala amekaa kwenye kochi. Anakohoa usiku. Miguu ukiibonyeza inabaki shimo. Na sisi nyumbani tunasema nini? Tunasema pumu. Tunasema kalogwa. Tunasema ah, ni uzee tu, wakati mtu ana miaka 34.

Wengi wa namna hii dawa zinawasaidia, nasema wengi, tena wengine wanarudi kazini kabisa. Lakini wapo ambao moyo umeharibika kiasi kwamba dawa hazitoshi, na hao tiba yao kubwa ni kupandikizwa moyo wa mtu mwingine. Hapo ndo shida inapoanza ndugu zangu, kwa sababu figo anaweza kukupa kaka yako na akabaki mzima, ana mbili. Moyo nani atakupa? Kaka yako ana mmoja. Mama yako ana mmoja. Moyo unatoka kwa mtu aliyekwisha fariki, mara nyingi ubongo wake umekufa kabisa hauwezi kurudi, na moyo wake bado unapiga kwa kusaidiwa na mashine ya kupumulia. Na sio mtu yeyote, lazima kundi la damu lipatane, lazima ukubwa wa mwili ukaribiane, moyo wa mtu mdogo hauwezi kumsukumia damu jitu la futi sita. Alafu ukishatolewa na kuwekwa kwenye barafu una kama masaa manne tu, manne, uwe umeshawekwa kwenye kifua kingine na unapiga. Siku hizi kuna mashine za kuutunza ukiwa na joto na damu inapita, zinaongeza muda kidogo, lakini kwa sehemu kubwa bado ni yale masaa manne.

Kwa hiyo mtu anasubiri. Wiki, miezi, wengine zaidi ya mwaka. Na moyo wake wenyewe hauna huo mwaka. Swali ni hilo tu, unamfikishaje akiwa hai siku ambayo moyo unapatikana?

Nyie wa Kigamboni mnanielewa haraka. Kabla ya lile daraja la 2016, ukitaka kuja mjini ulikuwa unapanda pantoni. Pantoni halikuwa nyumba, hamna aliyehamia kwenye pantoni na godoro lake, kazi yake ilikuwa kukuvusha maji usizame. Moyo bandia kwa sasa ndo kazi yake hiyo, kuvusha. Na ng'ambo kusikokuwa na gati, pantoni litakuzungusha tu baharini. Shikeni hilo la gati, nitalirudia.

Sasa niwape historia maana hii kitu haikuanza jana.

Mwaka 1969, mwezi wa nne, Houston kule Texas Marekani, kulikuwa na mgonjwa anaitwa Haskell Karp, miaka 47. Daktari Denton Cooley alimfanyia operesheni ya kurekebisha moyo, moyo ukagoma, hauwezi kuachishwa ile mashine ya chumba cha upasuaji inayosukuma damu badala ya moyo. Na moyo wa kupandikiza haupo. Akamwekea moyo bandia uliotengenezwa na Domingo Liotta, daktari kutoka Argentina, mara ya kwanza duniani kwa binadamu. Ukapiga. Ukapiga masaa 64. Na katika hayo masaa mke wa yule bwana alisimama mbele ya waandishi wa habari anaomba, anaiomba nchi nzima, yeyote mwenye moyo, mume wangu anahitaji moyo. Hebu jiweke kwenye nafasi ya yule mama. Anajua anachokiomba ni msiba wa mtu mwingine. Anaomba hivyo hivyo, kwa sababu ni mume wake. Moyo ukapatikana kweli, ukasafirishwa, akapandikizwa, na baada ya kama siku moja na nusu akafariki kwa maambukizi. Wengi walimlaumu Cooley, mashine ilikuwa bado haijakamilika na hakuwa na kibali kinachotakiwa, yeye na bosi wake wa zamani, Michael DeBakey, hawakupatana karibu miaka 40. Mi sitaki kuingia kwenye ugomvi wao. Ninachosema, yale masaa 64 yalionyesha kwamba mtu anaweza kuishi bila moyo wake kifuani mpaka wa mwingine ufike.

Alafu ikapita miaka mingi. Mwaka 1982 huko Utah wakajaribu kumwekea mtu mashine moja kwa moja, sio ya kuvusha, ya kukaa nayo maisha yake yote. Barney Clark, alikuwa daktari wa meno. Aliishi siku 112, na zilikuwa siku ngumu, amefungwa kwenye mtambo wa hewa mkubwa hawezi kwenda popote. Waliofuata nao, damu inaganda kwenye mashine, kipande kinapanda kwenye ubongo, kiharusi. Ndo maana mama yangu nimesema pantoni sio nyumba. Walijaribu kuhamia, ikawashinda.

Ila mwaka 1985, Tucson kule Arizona, daktari Jack Copeland akaichukua mashine hiyo hiyo akaitumia tofauti. Kijana wa miaka 25, Michael Drummond, alikuwa anakufa. Akamwekea, siku 9 tu, moyo wa mtu ukapatikana, akautoa ule wa mashine akaweka wa mtu. Yule kijana alitoka hospitali akaishi mpaka 1990. Siku 9! Kitu kilichoonekana kimeshindwa kwa miezi kikafanya kazi nzuri kwa siku 9, kwa sababu kilipewa kazi inayokifaa. Baadae Copeland na wenzake waliendelea kufuatilia wagonjwa, wakachapisha mwaka 2004, waliowekewa moyo bandia wakisubiri, asilimia 79 walifika kwenye upandikizaji wakiwa hai, wale ambao hawakuwekewa ni asilimia 46. Mwaka huo huo Marekani ikauruhusu rasmi kwa kazi hiyo ya kuvusha.

Mtaniuliza wanauwekaje. Naomba vijana mnaosoma ufundi msikilize hapa, hapa ndo napapenda mimi. Daktari anakata vile vyumba viwili vya chini vya moyo, vile vinavyosukuma, anaviondoa kabisa. Vyumba vya juu anaviacha, ndo anashonea hapo. Anaweka vyumba viwili vya plastiki ngumu maalum, kila kimoja kina vali mbili, damu inaingia huku inatokea kule haiwezi kurudi. Ndani kuna ngozi laini katikati, upande mmoja damu, upande mwingine hewa. Hewa ikisukumwa ile ngozi inavimba, damu inatoka, hewa ikivutwa ngozi inarudi, damu inaingia. Basi. Hewa inatoka wapi? Inatoka nje, mabomba mawili yanatokea kwenye ngozi ya tumbo yanaenda kwenye mtambo wa hewa. Zamani huo mtambo ulikuwa karibu kilo 190, una magurudumu, mgonjwa yeye na ukuta, ukuta na yeye. Siku hizi upo wa kama kilo 6, unabebwa kwenye begi la mgongoni.

Na hapo kuna kijana anaitwa Stan Larkin, wa Michigan. Yeye na mdogo wake wote walikuwa na ugonjwa wa moyo wa kurithi, ule ambao mtoto anacheza mpira vizuri kabisa alafu anaanguka ghafla. Wote wawili walikaa na mioyo ya mashine. Mdogo wake alipata moyo baada ya wiki chache. Stan alisubiri siku 555. Mwaka na nusu mtu hana moyo kifuani, ana begi. Na hakukaa kitandani jamani, alirudi nyumbani, akawa anacheza basketi na begi lake mgongoni, madaktari wenyewe walishangaa. Mwezi wa tano 2016 akapata moyo.

Lakini nisiwafiche, maana kuna watu wanaonyesha video za mtandaoni wanaacha mengine. Ukiwa na hiyo mashine unakunywa dawa za kulainisha damu kila siku, ukizidisha unavuja damu, ukipunguza inaganda. Yale mabomba pale yanapotokea tumboni ni mlango wa vijidudu, lazima pasafishwe kwa usafi wa hali ya juu. Betri lazima uzihesabu. Fikiria umeme umekatika saa nane usiku mtaani kwako na moyo wa mwanao unachajiwa, utalala? Na wengi zaidi wanaosubiri siku hizi hawawekewi moyo mzima, wanawekewa pampu ndogo ya kusaidia upande wa kushoto tu, wa kwao unabaki humo humo. Moyo mzima wa mashine ni wa wale ambao pande zote mbili zimekufa.

Naomba niwape mtu mmoja zaidi, huyu nampenda kuliko wote. Daniel Timms, wa Brisbane, Australia. Baba yake alikuwa fundi bomba. Baba akapata ugonjwa wa moyo, na huyu kijana alikuwa anasomea uinjinia, wakaanza pamoja, baba na mtoto, kutengeneza pampu kwa mabomba ya dukani, mabomba ya maji haya haya ya kuunganisha nyumbani, wanajaribu kwenye banda lao. Fundi bomba na mwanae, wanatafuta jinsi ya kusukuma damu! Baba alifariki kabla kazi haijakamilika. Mtoto hakuacha. Miaka zaidi ya 20. Akatoka na moyo wa titaniamu wenye kitu kimoja tu kinachotembea, kisahani kinachozunguka katikati, kinaelea ndani ya damu kwa nguvu ya sumaku, hakigusi popote. Fundi yeyote hapa anajua maana yake, kisichosuguana hakiliki. Hauna vali, hauna ile ngozi ya kuvimba na kunywea inayochoka. Upande mmoja wa kisahani unasukuma damu ya mapafu, upande wa pili unasukuma ya mwili.

Mwezi wa saba 2024 ukawekwa kwa mtu wa kwanza, Houston, mji ule ule wa Karp. Siku 8 akapata moyo wa mtu. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo ukawekwa Sydney kwa mwanaume wa miaka ya arobaini na kitu, na mwezi wa pili 2025 aliruhusiwa kutoka hospitali, wa kwanza duniani kutoka na moyo wa aina hiyo, akakaa nao zaidi ya siku 100 mpaka akapandikizwa. Na Ufaransa nao wana wa kwao, ulianzishwa na profesa Alain Carpentier, sehemu zinazogusana na damu zimetengenezwa kwa tishu ya ng'ombe ili damu isigande hovyo, mtu wa kwanza aliwekewa Paris mwezi wa kumi na mbili 2013, na Ulaya waliuruhusu 2020, nao kwa kazi ya kuvusha.

Mmesikia wote nilivyomalizia? Drummond, akapata moyo. Larkin, akapata moyo. Yule wa Sydney, akapata moyo. Moyo ulitoka wapi? Nauliza tena, ulitoka wapi?

Ulitoka kwa mtu. Kuna familia nyingine usiku huo ilikuwa inalia, na katikati ya kulia ikakubali.

Hili halitoki mbali na Afrika, upandikizaji wa moyo wa kwanza duniani ulifanyika Afrika hii hii, Cape Town, hospitali ya Groote Schuur, tarehe 3 Desemba 1967. Dunia nzima inamjua daktari, Christiaan Barnard. Wengine wanamkumbuka mgonjwa, Louis Washkansky, aliyeishi siku 18. Mi naomba leo tumtaje Denise Darvall. Binti wa miaka 25, alikuwa na mama yake, wametoka kununua keki, wakivuka barabara gari ikawagonga. Mama alifariki pale pale. Binti ubongo uliharibika. Baba, Edward Darvall, ndani ya siku moja amepoteza mke, na madaktari wanamfuata wanamwambia binti yako hawezi kupona, na kuna mtu hapa moyo wake umekwisha. Alikaa kimya dakika chache. Akasema kama hamwezi kumwokoa binti yangu, jaribuni kumwokoa huyo mtu. Na figo ya Denise ikapewa mtoto wa miaka 10, mtoto ambaye serikali ya ubaguzi ilimwandika chotara, asiyeruhusiwa hata kusoma shule moja na watoto wa Kizungu, na Denise alikuwa Mzungu. Familia moja ndani ya msiba ikaruka ukuta ambao serikali nzima ilikuwa inaulinda.

Hilo ndo gati ndugu zangu. Mtu akikwambia tununue mashine muulize gati liko wapi.

Sasa turudi hapa Dar. Tulikuwa tunapeleka watu India kwa operesheni ambazo leo zinafanyika pale Upanga, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambayo ipo tangu 2015, wanafungua vifua vya watoto wachanga, wanabadilisha vali, wanazibua mishipa. Muhimbili walipandikiza figo mara ya kwanza mwezi wa kumi na moja 2017, na Dodoma Benjamin Mkapa wakafuata. Figo hizo zinatoka kwa ndugu walio hai. Kwa hiyo mikono ipo. Lakini moyo hauwezi kutoka kwa ndugu aliye hai, na sisi bado hatujakaa kama familia, kama misikiti, kama makanisa, tukaongea kuhusu mtu aliyefariki kumpa aliye hai. Tunaogopa. Tunasema maiti isiguswe. Nawaheshimu wazee wanaosema hivyo, wanalinda heshima ya marehemu. Ila mjue mambo haya wakubwa wa dini wameshayakalia. Baraza la kimataifa la fikihi, yaani sheria za Kiislamu, lilikutana Jeddah 1988 likaruhusu kupandikiza viungo kwa masharti, isiwe biashara, kuwe na ridhaa. Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2000 aliwaambia madaktari wa upandikizaji kwamba kutoa kiungo kwa moyo safi ni tendo la upendo. Muulizeni shehe wako, muulizeni padri wako, mchungaji wako. Msimuulize mi fundi. Lakini muulizeni kabla ya msiba, sio pale kwenye korido ya ICU saa tisa usiku watu wamechanganyikiwa.

Mama yangu, nakujibu sasa. Usiuze kiwanja leo. Ukichanga ukampeleka nje akawekewa mashine, bado anahitaji orodha ya kusubiri moyo kwenye nchi hiyo, na nchi nyingi zinaanza na watu wao. Akipata, ana dawa za kuzuia mwili usiukatae ule moyo, kila siku, maisha yake yote, na vipimo. Sikukatishi tamaa, Mungu shahidi. Nasema kwanza mrudishe kliniki kijana, umuulize daktari swali moja, je dawa zake zote zinazotakiwa kwa moyo uliotanuka amepewa na anakunywa? Maana umeniambia mwenyewe pale mlangoni kwamba mwezi uliopita aliacha kwa sababu alijisikia nafuu. Nafuu ile ilikuwa ni dawa mama. Zikiwa zote zimetumika na zimeshindikana, hapo bodi ya madaktari ndo inakaa na nyie mnaongea mambo ya rufaa.

Na nyie wengine wote, mioyo mingi inayochoka hapa kwetu haichoki kwa laana. Presha, ndo namba moja, presha ambayo mtu hajui anayo. Mafindofindo ya mtoto yasiyotibiwa, yanayorudi kila mwezi, yale yanakuja kula vali za moyo akiwa binti, na dawa yake ni penisilini, tena mtoto ambaye vali zimeshaguswa anachomwa sindano kila wiki tatu au nne asiikose hata moja. Na mama aliyejifungua juzi, miguu imevimba, anahema akipanda ngazi mbili, jamani msimwambie ni uchovu wa uzazi, mpelekeni apimwe moyo, kuna ugonjwa wa moyo unaokuja na uzazi na ukiwahiwa wengi wanapona.

Manesi wameshapanga meza mbili pale nyuma, mkono wa kulia kupima presha, mkono wa kushoto kuna daktari wa maswali, yeye anakaa mpaka saa kumi. Wagonjwa wa viti vya mbele waanze, msipange foleni na wazima. Mama yangu na kijana wako, nyie njooni tuende wote kwa daktari, nitakaa na nyie.